Jinsi ya Kuivunja Bei ya Lita Moja ya Mafuta, Kutoka Bandarini Mombasa Hadi Pampu ya Nakuru na Kisumu

Jioni ya tarehe 14 kila mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta. Saa sita usiku bei hizo huanza kutumika, na hazibadiliki hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Zikipanda, asubuhi yake nauli ya Nakuru hadi Kisumu nayo imeshapanda, mwenye mashine ya kusaga mahindi amefuta bei ya jana kwenye kibao, na kila mtu ana mtu wa kulaumu. Huyu anasema ni vita vya Uarabuni, yule anasema ni dola, mwingine ni serikali na kodi zake. Kila moja ya lawama hizo huwa kweli mwezi fulani na huwa si kweli mwezi mwingine. Ukitaka kujua mwezi huu lawama ipi ni ya kweli, chukua karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu, uivunje bei vipande vipande. Kazi yenyewe haizidi nusu saa.

Kwanza tafuta tangazo lenyewe la EPRA, la mwezi huu na la mwezi uliopita. Usitumie ile picha inayozunguka kwenye WhatsApp yenye bei tatu za Nairobi. Tangazo kamili lina mambo mawili ambayo wengi huyaruka. La kwanza ni gharama ya wastani ya kufikisha mafuta bandarini Mombasa, ikiwa imeandikwa kwa dola za Marekani kwa kila mita ya ujazo. La pili ni jedwali refu la miji, kila mji na bei yake ya juu kabisa inayoruhusiwa. Halafu tafuta kiwango cha kubadilisha dola kwa shilingi kama kilivyotolewa na Benki Kuu ya Kenya. Hapo vifaa vimetimia.

Hatua ya kwanza: kutoka dola za meli hadi shilingi za lita

Tuchukue tangazo la Julai 2025, kwa sababu lilishtua watu na tarakimu zake zinafundisha vizuri. Lita ya super, yaani petroli, jijini Nairobi ilitoka shilingi 177.32 hadi 186.31. Gharama ya kuifikisha bandarini ilikuwa imetoka dola 590.24 kwa mita ya ujazo mwezi wa Mei hadi dola 628.30 mwezi wa Juni.

Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani ni tani moja. Tani ya petroli ina lita nyingi kuliko 1,000 kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo ukichanganya vipimo hivi viwili hesabu nzima inaharibika. Gawanya 628.30 kwa 1,000 upate dola 0.6283 kwa lita. Wakati huo dola ilikuwa shilingi 129 na ushei, tuseme 129.50. Zidisha: shilingi 81.36.

Hiyo ndiyo bei ya petroli yenyewe ikiwa imeshushwa Mombasa, pamoja na gharama ya kuisafirisha baharini. Ni shilingi 81 katika 186. Zilizobaki, zaidi ya shilingi 100, zimeongezwa baada ya meli kutia nanga.

Hatua ya pili: kodi

Kodi za mafuta Kenya ziko za aina mbili, na tofauti yake ndiyo ufunguo wa mambo mengi yanayofuata. Aina ya kwanza ni kiasi maalum kwa kila lita, mafuta yawe ghali au rahisi. Aina ya pili ni asilimia, nayo hupanda na kushuka pamoja na bei.

Kwa super, mwaka wa 2025, ushuru wa bidhaa ulikuwa shilingi 21.95 kwa lita. Tozo ya ukarabati wa barabara ilikuwa shilingi 25, baada ya kuongezwa kutoka 18 mwaka wa 2024. Tozo ya maendeleo ya petroli ilikuwa shilingi 5.40, na ile ya kuendeshea udhibiti senti 75. Jumlisha: shilingi 53.10. Hizi hazijali kama mafuta yametoka Uarabuni kwa bei ya hasara au ya kuruka.

Kisha kuna ada ya uagizaji na tozo ya reli, ambazo ni asilimia ya thamani ya shehena. Kwa bei ya Julai hiyo zilikuwa kati ya shilingi tatu na nne zikiunganishwa.

Ya mwisho ni VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na hii inahitaji uangalifu. Mwaka huo kiwango chake kilikuwa asilimia 16, lakini usichukue 186.31 ukazidisha kwa 0.16. Bei ya pampu tayari ina VAT ndani. Zidisha bei kwa 16, kisha gawanya kwa 116: unapata shilingi 25.70. Na tazama VAT hiyo inatozwa juu ya nini. Inatozwa juu ya mafuta, juu ya usafiri, juu ya faida ya muuzaji, na juu ya ule ushuru wa bidhaa na tozo ya barabara tulizokwisha kuzihesabu. Ni kodi inayopanda mgongoni mwa kodi nyingine, na kwa maoni yetu ndicho kipande kinachostahili kusemwa zaidi bungeni, kwa sababu mnunuzi hakioni popote. Kabla ya Julai 2023 VAT ya mafuta ilikuwa asilimia 8. Kwa bei hiyo ya 186.31, nusu ya VAT ni karibu shilingi 13 kwa lita, na hizo ndizo tulizolipa kwa uamuzi ule mmoja.

Jumla ya kodi zote hukaribia shilingi 82 na nusu. Kwa maneno mengine, mafuta yenyewe na kodi zake vilikuwa karibu sawa kwa sawa.

Mwaka huo dizeli ilikuwa na ushuru mdogo wa bidhaa, shilingi 11.37, lakini tozo ya barabara ilikuwa ile ile 25. Mafuta ya taa hayalipi tozo ya barabara, ila tangu 2018 yana tozo yake ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa ili kukomesha wachanganyaji. Zamani mafuta ya taa yalikuwa rahisi mno, na walanguzi waliyamwaga ndani ya dizeli na petroli. Tozo hiyo ilipunguza mchezo huo. Aliyeumia ni mama anayepikia kwa jiko la mafuta mtaani Obunga, Kisumu, au Rhonda, Nakuru, ambaye hajawahi kuchanganya chochote.

Hatua ya tatu: kinachobaki

Toa 81.36 na 82.50 kutoka 186.31. Inabaki shilingi 22 na ushei. Hapo ndani kuna ada ya bomba na matangi, gharama ya malori, mafuta yanayopotea njiani, faida ya kampuni inayouza kwa jumla na faida ya mwenye kituo. Faida hizi hupangwa na EPRA. Kwa hiyo mwenye kituo pale Kondele, Kisumu, hawezi kuamka akapandisha bei kwa sababu amesikia habari za vita redioni. Anaweza kuuza chini ya bei iliyotangazwa akitaka, lakini kuuza juu yake ni kosa. Utaratibu huu wa bei ya juu kabisa umekuwepo tangu Desemba 2010.

Sasa rudi kwenye swali la mwanzo: Julai ile, bei ilipanda kwa sababu gani? Mafuta ya meli yalipanda kwa dola 38.06 kwa mita ya ujazo. Kwa shilingi ni 4.93 kwa lita, na ukiongeza kodi za asilimia inakuwa karibu shilingi 6. Lakini pampu ilipanda kwa shilingi 8.99. Dola haikuwa imesogea kwa kiasi cha kueleza pengo hilo. Zile shilingi 3 zilizobaki hazikutoka baharini wala kwenye soko la fedha. Ukikuta salio la namna hiyo, mahali pa kutazama ni pawili: faida na ada zilizoruhusiwa na mdhibiti, na fidia ambayo serikali hulipa kampuni za mafuta, kama imepunguzwa au imeondolewa. Salio hilo ndilo la kumuuliza mbunge wako, ukiwa na tarakimu mkononi.

Kanuni tatu za kukariri

Pipa moja la mafuta ghafi ni lita 159. Kwa dola ya shilingi 129 hadi 130, kila dola moja inayoongezeka kwenye pipa ni senti 81 kwa lita kabla ya kodi, na karibu senti 98 zikishaingia kodi za asilimia. Hivyo ukisikia pipa limepanda kwa dola 10, tarajia shilingi 9 hadi 10 kwenye pampu, bei ya mafuta yaliyosafishwa ikifuata ile ya ghafi.

Haifuati daima, na hilo ndilo jambo la pili. Kenya hainunui mafuta ghafi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka wa 2013, na tangu hapo kila lita huja ikiwa tayari imesafishwa, nyingi yake kutoka Ghuba ya Uarabuni. Viwanda vya kusafisha vikipungua duniani, dizeli inaweza kupanda wakati mafuta ghafi yametulia. Ndiyo maana tarakimu ya kutazama ni ile ya bandarini, si bei ya pipa inayosomwa kwenye taarifa ya habari.

La tatu ni dola. Kwa gharama ya bandarini kama ya Julai 2025, kila shilingi moja inayoongezeka kwenye dola huongeza senti 76 hivi kwenye lita ya super. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, kisha ndani ya miezi michache ikashuka hadi karibu 130. Tofauti hiyo ya shilingi 30 ni zaidi ya shilingi 22 kwa lita. Rekodi ya 217.36 iliyofikiwa Nairobi kuanzia Oktoba 15, 2023 ilitokana na mambo matatu kukutana: mafuta ghali duniani, shilingi dhaifu iliyokuwa ikielekea 150 kwa dola, na VAT mpya ya asilimia 16.

Kwa nini bei hupanda haraka na kushuka polepole

Mafuta unayonunua leo yalipangiwa bei wiki nyingi zilizopita. EPRA huangalia shehena zilizoingia katika mwezi uliotangulia, na shehena hizo zilipakiwa Ghuba kabla ya hapo. Hivyo habari ya leo hufika kwenye pampu baada ya mwezi mmoja au zaidi. Hii inasaidia kupanga: gharama ya bandarini na dola zikiwa zilipanda katika mwezi uliotangulia, jaza tangi kabla ya saa sita usiku wa tarehe 14. Zikiwa zilishuka, tia kidogo cha kukusukuma hadi asubuhi ya tarehe 15. Kwa gari la lita 60 na tofauti ya shilingi 5, hiyo ni 300. Usijaribu kuweka akiba ya petroli ndani ya nyumba kwa ajili ya shilingi hizo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la chumba cha pili, na moto hauanzii kwenye jerikeni bali pale mvuke ulipofika.

Sababu nyingine ya kushuka polepole ni zile kodi za kiasi maalum. Aprili 20, 2020, wakati wa korona, mafuta ghafi ya Marekani yaliuzwa chini ya sifuri: muuzaji alimlipa mnunuzi ayachukue. Mwezi uliofuata, super Nairobi iliuzwa shilingi 83.33. Mafuta yalikuwa rahisi mno duniani, lakini ushuru, tozo, meli, bomba na faida vilibaki pale pale.

Tena kuna fidia. Kupitia ile tozo ya maendeleo ya petroli, serikali hukusanya fedha za kuzuia bei isiruke ghafla. Bei ikipanda, kampuni za mafuta hulipwa sehemu ya tofauti kutoka humo. Bei ya dunia ikishuka, huenda pampu isishuke kwa kiasi kile kile. Ni mfuko wa wote, na ukitumika vizuri humwokoa mwenye bodaboda asiamkie pigo la shilingi 15 kwa siku moja.

Tangu Machi 2023 Kenya hununua mafuta kwa mkopo wa siku 180 kutoka kampuni tatu za Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC na ENOC. Kabla ya hapo kampuni za hapa zilishindana kwa zabuni kila mwezi na kuwania dola sokoni kwa malipo ya haraka. Mkopo ulipunguza mbio za dola za kila wiki. Haukubadilisha bei ya mafuta yenyewe, ambayo bado hufuata soko la Ghuba.

Kwa nini Nakuru si Kisumu, na Kisumu si Mombasa

Mombasa ndiko bei ilipo chini kabisa, kwa shilingi tatu na ushei kuliko Nairobi. Nakuru, Eldoret na Kisumu hukaa karibu sana na Nairobi, kwa pengo la chini ya shilingi mbili, japo ziko mbali zaidi na bahari. Sababu ni bomba. Mafuta husukumwa kutoka Mombasa hadi Nairobi, yakaendelea hadi Nakuru na Eldoret. Pale Sinendet bomba linachepuka kwenda Kisumu. Kusukuma lita kwa bomba ni rahisi mno kuliko kuibeba kwa lori, kwa hiyo mamia ya kilomita huongeza shilingi chache tu.

Gharama huanza kuuma pale bomba linapoishia. Kutoka bohari ya Kisumu malori huelekea Bondo, Siaya, Busia na Homa Bay. Fikiria lori la lita 36,000. Shilingi moja kwa lita ni shilingi 36,000 za safari: dereva, dizeli, magurudumu, bima na siku ya kusubiri kwenye foleni ya kupakia. Ndiyo maana mji ulio mbali na bohari huongezewa shilingi moja au mbili, na Mandera, ambako lori husafiri siku nyingi, huwa juu kuliko wote. Ukitaka kujua kama kituo cha mjini kwako kimezidisha, usikipime kwa bei ya Nairobi. Tafuta jina la mji wako kwenye lile jedwali refu. Kama mji haumo, tazama ule ulio karibu nawe zaidi kwenye njia ya kutoka bohari.

Petroli ya chupa inayouzwa njia panda vijijini ni jambo jingine. Huyo muuzaji amenunua kituoni kwa bei kamili, akabeba, naye anataka chake.

Kuvuka mpaka: Uganda na Tanzania

Mtu wa Busia au Malaba huuliza swali ambalo mtu wa Nakuru halimjii: mafuta ya Uganda yamepita hapa kwetu, kwa bomba letu, kisha kwa lori au kwa meli kutoka gati la mafuta la Kisumu. Inakuwaje wakati mwingine yawe rahisi kule kuliko hapa?

Mafuta yanayopita kwenda nchi nyingine hayalipi kodi za Kenya. Yanalipa za kule yanakokwenda. Uganda hutoza ushuru wa bidhaa, ambao mwaka wa 2024 uliwekwa shilingi 1,550 za Uganda kwa lita ya petroli, na mafuta hayo hayatozwi VAT. Kwa kiwango cha shilingi 28 za Uganda kwa moja ya Kenya, ushuru huo ni kama 55 zetu. Linganisha na zile 82 na nusu za kodi zetu za Julai 2025. Lakini Uganda haina bandari, kwa hiyo hubeba gharama ya njia nzima, na serikali yake haipangi bei ya juu. Kila kituo hujipangia. Kodi ndogo huvuta bei chini, umbali huivuta juu, na mwishowe bei za pande mbili za mpaka hukaribiana, huku shilingi ipi ina nguvu mwezi huo ikiamua upande ulio rahisi.

Kulinganisha kwa haki, chukua bei za siku moja, bidhaa moja, na kiwango cha fedha cha siku hiyo hiyo pale mpakani. Tuseme kituo cha ng'ambo kinauza 5,000 na kiwango ni 28. Gawanya: 178.57. Ukitumia kiwango cha mwezi jana cha 29, utapata 172.41, na utavuka mpaka kufuata shilingi sita ambazo hazipo. Weka pia mafuta ya kwenda na kurudi katika hesabu.

Tanzania ina mdhibiti wake, EWURA, ambaye hutangaza bei za juu Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Mafuta yao huingilia bandari tatu: Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na bei hutofautiana kufuatana na bandari ambayo mji unategemea. Mtu wa Migori anayelinganisha na Sirari, ng'ambo ya mpaka, akumbuke kwamba tarehe za kubadilisha bei si moja. Kati ya Jumatano ya kwanza na tarehe 14, nchi moja inatumia bei mpya na nyingine bado ya zamani, na tofauti unayoiona hapo huenda ikayeyuka wiki ijayo.

Tofauti hizi ndizo huzaa mafuta ya magendo. Lori lililoandikishwa kwenda nje likishusha shehena usiku kando ya barabara, muuzaji ameepa kodi zote na anaweza kukupunguzia shilingi 20. EPRA hutia kemikali ya alama katika mafuta ya kwenda nje na katika mafuta ya taa, na hupima vituoni kuona kama alama hiyo imo. Wewe huna kipimo hicho, ila unaweza kufanya hiki: dondosha tone moja la petroli juu ya karatasi nyeupe safi, uiweke kivulini. Petroli halisi hukauka ndani ya dakika chache na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, katikati hubaki duara lenye mng'ao wa mafuta, na ukiligusa vidole vinateleza. Pikipiki iliyotiwa mchanganyiko huo huwaka kwa shida asubuhi, hugonga ikipanda mlima, na hutoa moshi. Kwa dizeli madhara huchelewa kuonekana lakini ni makubwa zaidi, kwa sababu mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha: pampu ya sindano husagika, na bei ya kuitengeneza hula akiba ya mwaka mzima.

Nchi za mbali

Petroli inayouzwa kwa jumla duniani bei yake haitofautiani sana kutoka bandari moja hadi nyingine. Kinachotofautiana ni kodi na ruzuku. Marekani hutoza kodi ya taifa ya senti 18.4 kwa galoni, na kiasi hicho hakijabadilika tangu 1993, ingawa kila jimbo huongeza yake. Galoni yao ni lita 3.785. Ukisikia petroli ni dola 3 kwa galoni, gawanya kwa 3.785 kisha zidisha kwa 129: shilingi 102 kwa lita. Uingereza hutoza peni 52.95 kwa kila lita tangu Machi 2022, ambazo ni zaidi ya shilingi 80 zetu kwa kiwango cha 2025, kisha VAT ya asilimia 20 juu yake. Norway ina mafuta yake baharini lakini huyatoza watu wake kodi kubwa. Kuchimba mafuta hakufanyi pampu kuwa rahisi, mpaka serikali iamue hivyo.

Nigeria inaonyesha upande wa pili. Kwa miaka mingi serikali ililipia sehemu ya kila lita. Ruzuku ilipotangazwa kuondolewa Mei 29, 2023, ndani ya siku chache bei ilitoka chini ya naira 200 hadi karibu 500 na zaidi. Mafuta hayakuwa yamepanda duniani wiki hiyo. Aliyekuwa akilipa alibadilika tu.

Kuipeleka hesabu kwenye nauli na kwenye gorogoro

Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni kama kilomita 185. Matatu ya abiria 14 inayokwenda kilomita 9 kwa lita hutumia lita 20 na nusu za dizeli. Julai 2025 dizeli ilipanda kwa shilingi 8.67. Zidisha: shilingi 178 kwa safari. Gawanya kwa abiria 14: shilingi 12.70 kwa kila mmoja. Kondakta akiongeza 100 na kusema ni mafuta, mafuta yanaeleza 13 tu. Huenda ana sababu nyingine za haki, kama vipuri au kurudi gari likiwa nusu tupu, lakini azitaje hizo.

Bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa lita, ikizunguka kilomita 120 kwa siku, hutumia lita tatu. Kupanda kwa shilingi 8.99 ni shilingi 27 kwa siku. Akibeba wateja 15, hiyo haifiki shilingi mbili kwa mteja. Kuongeza kumi kwa kila safari ni kumkimbiza mteja kwa jirani. Kutoongeza kabisa ni kupoteza karibu 800 kwa mwezi, pesa ya huduma ya oili na zaidi. Suluhisho wanalolitumia wengi ni kuongeza kumi kwenye safari ndefu pekee na kuacha zile fupi.

Kwa mashine ya kusaga, usikisie. Asubuhi injini ikiwa baridi, jaza tangi hadi dizeli iguse shingo. Saga magunia matano ya kilo 90 bila kuzima. Zima, ngoja ipoe, kisha jaza tena hadi alama ile ile ukitumia chupa ya lita moja, ukihesabu chupa. Chupa hizo ndizo dizeli ya kilo 450. Gorogoro moja, lile kopo la kupimia nafaka, ni kilo mbili hivi, kwa hiyo gawanya lita ulizotumia kwa 225, kisha zidisha kwa kiasi ambacho dizeli imepanda. Ikiwa ulitumia lita 9, kila gorogoro imekula lita 0.04, na dizeli ikipanda kwa shilingi 8.67 kila gorogoro imeongezeka senti 35. Rudia kipimo hicho kila unapobadilisha nyundo au chekeche. Nyundo zilizolika husaga polepole, na injini ikinguruma muda mrefu zaidi kwa gunia lile lile, lita 9 huwa 12 bila EPRA kutangaza chochote.